Kichwa Changu na Mkwe Wangu

Nilianguka bafuni mwezi wa nne, wakati wa kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na watu wote wa boma yangu hapa Kiminini walikuwa shamba la juu wanatia mbegu. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu ya magoti. Nikachemsha maji, nikaenda kuoga. Bafu yetu ni ya mabati, imejengwa kando ya nyumba, na chini ni simiti ambayo marehemu mzee wangu aliilainisha mpaka ikang'aa kama sahani, akajisifu sana. Nilikanyaga sabuni. Nikajikuta chini, mguu umekunjwa, maji ya beseni yote yamenimwagikia.

Nilipiga kelele mara moja. Mimi si mtu wa kelele.

Aliyesikia alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu. Wanakaa upande wa Bungoma, karibu na Mabanga, na siku hiyo alikuwa amekuja na pikapu kuniletea mbolea. Alikuwa anashusha magunia kwa stoo.

"Mama?" akaita kutoka mbali. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Kaa huko huko."

"Umeumia?"

"Si nimesema kaa huko."

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, lazima nieleze. Sisi Wabukusu, mwanaume na mama wa mke wake hawakaribiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Akija kwangu yeye anakaa huko na mimi nakaa huku, tunaulizana habari ya watoto na ng'ombe kila mmoja akiangalia pembeni. Si chuki. Ni heshima. Na heshima hiyo ikivunjwa, hasa mmoja akimwona mwenzake bila nguo, watu wanasema buko itawashika. Buko ni ugonjwa wa kutetemeka. Mikono inatetemeka, kichwa kinatikisika, na haiponi mpaka pande mbili zikae pamoja, mbuzi achinjwe, watu watakaswe. Mimi nimekua nikijua jambo hilo kama ninavyojua mwezi wa kupalilia.

Kwa hivyo nililala pale kwa simiti nikifikiria buko, si mguu.

"Mama, niite watu?"

"Ita."

Alienda mpaka njiani, akarudi. "Hakuna mtu, Mama. Na shamba la juu ni mbali. Unaweza kusimama?"

Nilijaribu, nikashindwa. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. Nikamwambia, "Kuna blanketi kwa kamba ya nguo. Lete. Uingie kinyumenyume. Ukigeuka hapa, mimi na wewe tumemalizana."

Akaingia kinyumenyume, mtu mzima mwenye watoto wanne. Akapiga beseni teke, akateleza, nusura anikalie.

"Pole, Mama."

"Wacha pole. Tupa blanketi."

Akalitupa nyuma ya bega lake bila kuangalia. Nikajifunika mpaka shingoni, ndipo nikamruhusu ageuke, na bado alikuwa amefumba macho. Akaninyanyua kama gunia. Tulipokuwa tunatoka, jirani yangu mmoja alikuwa anapita kwa ua na ng'ombe wake. Alisimama. Ng'ombe naye alisimama. Basi, kufikia jioni habari ilikuwa imefika mpaka stendi.

Hospitali walisema nyonga haikuvunjika. Nikatembea na fimbo wiki tatu, nikaiweka kando. Nikafikiri mambo yameisha.

Mwezi wa nane tulienda harusi Bokoli, kwa watu wetu. Baada ya chakula mjukuu wangu mmoja, msichana wa sekondari, alikuja na simu akicheka. "Kukhu, angalia vile ulikuwa unamkatalia pasta kila kitu." Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Nikaangalia. Nikaona mama mmoja mzee katika mstari wa tatu, kitambaa cha buluu, kichwa chake kinaenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, polepole, bila kupumzika. Nilimwonea huruma kabla sijajua ni mimi.

Watu walicheka. Aliyekosa kucheka ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa familia. Alichukua simu, akaiangalia mara mbili, akairudisha.

"Hiyo ni buko," akasema.

Mimi ni mtu wa kanisa tangu utoto. Nimesimama mbele ya akina mama nikawaambia waache kuogopa mambo ya giza. Lakini nitasema ukweli: niliogopa. Jumapili nne nilikaa kanisani nimeshika kidevu kwa mkono kama mtu mwenye jino bovu, ili kichwa kitulie. Nikikishika, kinatulia kidogo. Nikiachilia, kinaendelea na safari yake. Watu wakinitazama, kinazidi.

Shemeji hakukaa bure. Alipiga simu Mabanga, akawaambia wazee wa mkwe wangu jinsi mambo yalivyo, wakapanga siku ya mkutano mwezi wa kumi. Mkwe aje na mbuzi, na kabla ya siku hiyo asikanyage boma yangu. Naye hakukanyaga. Yule kijana alikuwa anakuja kila mwezi bila kuitwa.

Kisha binti yangu akanipigia. Nilijua sauti hiyo. Alikuwa amejifungia mahali ndio azungumze.

"Mama, huku ni mbaya. Ndugu zake wanamuuliza alikuwa anatafuta nini bafuni kwa mama mkwe. Hata kwa duka watu wakimwona wananyamaza."

"Mnajibu wajinga kwa nini?"

"Si hiyo tu, Mama. Wanasema nirudi kwetu mpaka mtakaswe. Na wakiamua haijaisha, ati nisirudi tena."

Nikamwambia akae kwa nyumba yake, asifunge hata begi. Nikakata simu, nikakaa. Nyumba ya watoto wanne ilikuwa inataka kubomoka kwa sababu ya kichwa changu.

Mke wa mwanangu, ambaye tunaishi naye bomani, alikuwa anachambua maharagwe. Ni mtu wa maneno machache kwangu. Akasema bila kuinua uso, "Mama, kabla ya mbuzi, twende kwa daktari."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Lakini asubuhi nilivaa gauni la kutokea nikamwambia anangoja nini, twende.

Daktari wa kliniki moja ya Kitale alikuwa msichana mdogo, nikafikiri ndiye anayeandika majina. Alinisalimia "Mulembe, Kukhu," nikajua ni wetu. Hakukimbilia dawa. Alinikalisha akaniangalia tu, kimya, mpaka nikataka kumuuliza kama ananunua. Akaniambia ninyooshe mikono mbele. Mikono nayo ilikuwa inatetemeka kidogo, sikuwahi kuona. Akanipa kikombe cha maji ninywe. Akanipa kalamu nichore duara linalojizungusha kama konokono. Langu lilitoka kama njia ya panya. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni na nirudi. Akanipapasa shingo, akanigeuza kichwa huku na huku akiuliza kama inavuta upande mmoja au kuuma. Mwishowe nikalala kitandani, kichwa kwa mto.

"Sasa kimetulia," akamwambia mke wa mwanangu. Na kweli kilikuwa kimetulia.

Akauliza dawa ninazokunywa. Nilikuwa nimebeba zote kwa mfuko wa sukari: ya presha, ya magoti, na moja ya rangi ya waridi ambayo sikumbuki ni ya nini. Akazisoma moja moja. Akasema hakuna ya kulaumu hapo, lakini ile ya waridi niache, imeharibika tangu zamani.

"Kukhu, kichwa kilianza lini?"

"Baada ya kuanguka. Mwezi wa nne."

Mke wa mwanangu alikuwa anasoma kalenda ukutani. Daktari akamgeukia. "Na wewe, unaishi naye. Ulikiona lini?"

Akaacha kalenda. "Ni kitambo, daktari. Mwaka juzi. Wakati wa kupukuchua mahindi."

Niligeuka kwa kitanda. "Mwaka juzi! Na hukuniambia?"

"Mama," akasema, "nani atakuambia?"

Daktari akaandika kitu kirefu sana kwa karatasi, nafikiri alikuwa anaficha uso. Mimi nilikaa na hilo swali. Nimelea watoto sita kwa sauti kubwa na fimbo ndogo, na sijawahi kujuta. Lakini kumbe watu wa nyumba yangu walikuwa wanaona mwili wangu ukibadilika, wanaogopa kufungua mdomo.

Kisha daktari akauliza tena, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Kwenu kuna mtu mwingine alikuwa anatikisika kichwa? Baba, mama, nyanya?"

Niliinuka nikakaa kitandani.

Mama yangu alikuwa anatikisika. Kichwa chake, mwaka baada ya mwaka, mpaka kufa. Na kwetu Bokoli hakuna mtu aliyeuliza kwa nini, kwa sababu kila mtu alijua. Ni mume wangu alimletea.

Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja hivi. Mvua ya mawe ilitoboa nyasi za nyumba ya mama, na mume wangu, kwa kutaka sifa, akapanda juu kuziba. Paa lilikuwa bovu. Mguu wake ukapenya mpaka ndani, na mama alikuwa hapo chini anabadilisha nguo zilizolowa. Ni mguu tu uliingia! Macho yake yalikuwa nje na mvua. Lakini mama alipoanza kutikisika kichwa, miaka kadhaa baadaye, huo mguu ukakumbukwa. Mbuzi akachinjwa. Kichwa kikaendelea. Wakasema mbuzi alikuwa mdogo, akaletwa mwingine. Kichwa kikaendelea. Ndipo ikasemwa mume wangu ana jambo anaficha, asikanyage pale tena. Na siku ya kumzika mama, mimi nilikuwa kaburini na ndugu zangu, naye alisimama kwa barabara, nje ya ua, na koti lake la harusi, mpaka udongo ukaisha.

Hayo walifanya watu. Yangu ni mabaya zaidi. Kila tulipogombana, na mume na mke lazima wagombane, nilikuwa na neno moja la kumnyamazisha. Nilikuwa namwambia, "Nenda kamtetemeshe mama yako, wangu ulimmaliza." Alikuwa anachukua kofia yake anaenda kwa ng'ombe. Hakuwahi kunijibu.

"Mama yangu," nilimwambia daktari. "Alikuwa hivi hivi. Kushoto, kulia."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza polepole, na nitaandika nilivyoelewa mimi, mtu wa darasa la tatu. Alisema kichwa cha mtu mzima kinaweza kutikisika chenyewe kwa sababu nyingi. Kuna watu wana tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi; hao moyo unaenda mbio, wanatoka jasho, wanakonda hata wakila. Atatoa damu apime hiyo. Kuna wanaotetemeshwa na dawa, za kifua, za kutapika, za akili. Kuna ambao misuli ya shingo inavuta upande mmoja mpaka kichwa kinapinda. Kuna waliopata kiharusi au kuumia ubongo sehemu ya nyuma. Na kuna ule ugonjwa wa wazee ambao mkono unatetemeka ukiwa umetulia mapajani, mwendo unakuwa wa kuburuta, uso unakauka. Lakini huo mara nyingi hauanzi na kichwa.

"Wako sidhani ni huo," akasema. "Mwendo wako ni mzuri. Wako nadhani ni mtetemeko wa ukoo. Unapita kwa damu, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hauui. Ukichoka, ukiogopa, ukikasirika, unazidi. Chai ya rangi kali pia inauzidisha."

"Na kuanguka?"

"Haukuletwa na kuanguka. Ulianguka ukiwa nao tayari."

"Na mtu akimwona mtu bila nguo?"

Aliniangalia vizuri. Alikuwa wetu, alielewa. "Kukhu," akasema, "kama ingekuwa hivyo mimi na manesi wote hapa tungekuwa tunatetemeka."

Mke wa mwanangu alicheka mpaka akatoka nje.

Njiani nyuma ya boda boda, na mke wa mwanangu kwa nyingine, sikufikiria kichwa. Nilifikiria koti la harusi. Baada ya wiki majibu ya damu yalitoka, tezi haina shida. Daktari alisema kuna dawa ya kupunguza kama inanisumbua. Nikamwambia tutaona, kwanza nina kazi.

Siku ya mkutano walikuja mchana. Mkwe wangu na baba yake mdogo, wametoka Mabanga na mbuzi dume mweupe nyuma ya pikapu. Shemeji alikuwa amefika mapema, ameshakunywa chai mara mbili. Tukakaa kwa desturi: wanaume kwenye veranda, mkwe mwishoni kabisa kwa stuli, na mimi ndani kando ya mlango ambapo nasikika bila kuonekana naye. Mke wa mwanangu alikuwa jikoni anajifanya anaosha vyombo.

Shemeji akaomba, akasalimia, akasema sababu ya kukutana. Baba mdogo akasema kijana wao amekuja kwa unyenyekevu. Mkwe mwenyewe akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nataka tu iishe. Mbuzi ndiye huyo."

Nikasema kutoka ndani, "Mrudishe kwa gari."

Sufuria jikoni zilinyamaza.

"Wewe mama," shemeji akasema, "huyo mbuzi ni dawa yako."

"Akichinjwa huyo, mkwe wangu amekubali kosa. Hakuna kosa. Ukitaka nyama sema, nina jogoo."

"Ati hakuna kosa! Na hicho kichwa? Bana, hata sasa hivi nakiona kinaenda."

"Kitaenda mpaka nife. Kilianza mwaka juzi, huyu hajaniletea hata hiyo mbolea." Nikaita jikoni. "Wewe, njoo useme."

Mke wa mwanangu akatoka akipangusa mikono, akasimama mbele ya wazee akiangalia miguu yake. Akasema aliona tangu mwaka juzi. Baba mdogo akamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Baba, wewe ungemwambia?" Baba mdogo akaangalia upande wangu, akasema hapana, hata yeye asingesema.

Kisha nikawaeleza ya daktari. Damu, ukoo, mama yangu. Sikuharakisha. Nikasema ugonjwa huu nimeupata kwa mama yangu kama nilivyopata pua hii, na mama yangu aliupata kwa watu wake, na hakuna mwanaume aliyeuleta kwa boma yoyote, si wa leo wala wa wakati ule.

Shemeji alikuwa anataka kusema kitu, mkono umeinuka. Ukabaki hapo juu. Nilikuwa nimesahau kwamba siku ya kumzika mama yangu naye alikuwa kijana, na ndiye alikwenda kusimama na ndugu yake kwa barabara ili asisimame peke yake.

"Kwa hivyo," akasema, na sauti haikuwa ile ya mkutano tena, "kaka yangu alisimama pale bure."

"Bure," nikasema.

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Na mimi nilimsumbua nayo mpaka akaingia kaburini. Yeye siwezi kumwambia tena. Huyu wa nje hapa naweza."

Mbuzi alilia mara moja kule kwa pikapu. Shemeji akatoa kitambaa, akapangusa uso wote, akakikunja vizuri mara nne, akakirudisha mfukoni. Halafu akamgeukia baba mdogo wa mkwe wangu.

"Mzee mwenzangu, mmesikia. Kwetu hakuna deni. Mkifika nyumbani waambieni ndugu zake hivyo, na mseme ni mimi nimesema. Huyo mama wa watoto asisumbuliwe kwa nyumba yake."

Baba mdogo akasema wamesikia. Akasimama, akafunga mkutano kwa maombi mafupi, jambo ambalo sijawahi kuona kwa watu wa Mabanga.

Mkwe wangu alibaki kwa stuli yake. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Mama," akasema akiangalia ua, "sasa mimi nikuje lini?"

"Jumamosi tunapukuchua mahindi. Njoo na mke wako na watoto wote. Na uje mapema, usije saa ya chakula."

"Sawa, Mama."

"Na useme ukiona kitu," nikaongeza. "Kwangu. Kichwa, mkono, chochote. Usinyamaze kama hawa."

"Basi nitasema moja, Mama. Hiyo chai unakunywa ni nyeusi sana."

Jikoni kuna mtu alicheka. Nikamwambia mkwe wangu aende nyumbani, asinizoee.